Mitsubishi na malalamiko yaliyofichwa kabatini: kisa cha gurudumu la Yokohama

Alasiri ya tarehe 10 Januari 2002, katika wilaya ya Seya mjini Yokohama, trela lililobeba mashine ya ujenzi lilichomoka gurudumu la mbele likiwa barabarani. Gurudumu hilo, lenye uzito wa karibu kilo 140, lilibingirika kama mita 50 likamgonga kwa nyuma mama wa miaka 29 aliyekuwa akitembea na wanawe wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mwaka mmoja. Watoto walipata majeraha madogo. Mama yao alifariki.

Gari lilikuwa la Mitsubishi. Kampuni ilipoulizwa, ilijibu kwamba habu iliyovunjika, yaani kipande cha chuma kinacholiunganisha gurudumu na ekseli, ilikuwa imechakaa kwa sababu mwenye gari hakuitunza inavyotakiwa. Polisi nao wakaanza kwa kumchunguza mwenye gari. Jibu hilo lilisimama kwa zaidi ya miaka miwili, na lilikuwa uongo.

Mara nyingi anguko la Mitsubishi Motors husimuliwa kama habari ya kampuni iliyoshindwa kutengeneza magari mazuri. Mimi sikubaliani. Wahandisi wa kampuni hii walikuwa hodari, na nitaonyesha hivyo. Kilichoiangusha ni safari ya lalamiko la mteja: linapotoka gereji na kufika makao makuu, nani analisoma, na linawekwa wapi. Gurudumu la Yokohama linaonyesha hilo kuliko kisa kingine chochote cha kampuni hii.

Mitsubishi ni jina kubwa. Iwasaki Yataro alianza na biashara ya meli mwaka 1870, na kutoka hapo zikazaliwa kampuni za benki, migodi, ndege na bia. Gari la kwanza, Model A, lilitoka mwaka 1917 katika kiwanda cha meli cha Kobe, na yalitengenezwa 22 tu. Mwaka 1932 likaja basi la B46 lililopewa jina la Fuso. Kampuni ya magari ilijitenga na Mitsubishi Heavy Industries mwaka 1970, na muda mfupi baadaye jina lake lilikuwa midomoni mwa watu wa Afrika Mashariki kwa sababu ya mtu mmoja, Joginder Singh wa Kericho. Mwaka 1974 alishinda Safari Rally kwa Lancer 1600 GSR, akimwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche. Lancer ilikuwa gari dogo la bei ya kawaida, na Porsche ilikuwa Porsche. Mwaka 1976 alishinda tena, na safari hiyo nafasi tatu za kwanza zote zilichukuliwa na Lancer. Ushindi wa aina hiyo, kwenye vumbi na matope ya kwetu, uliuza magari kuliko tangazo lolote. Tommi Mäkinen alishinda Safari mwaka 1996 na tena 2001, Richard Burns akiwa na Carisma alishinda 1998. Jangwani, Pajero ilishinda mashindano ya Dakar mara 12, saba kati ya hizo mfululizo kuanzia 2001 hadi 2007.

Itazame vizuri miaka hiyo ya mwisho. Kati ya 2001 na 2007 Pajero haikukosa ushindi wa Dakar hata mara moja. Ndani ya miaka hiyohiyo gurudumu lilimuua mama Yokohama, rais wa zamani wa kampuni alikamatwa, na wanunuzi wa Japani wakaikimbia. Kampuni isiyojua kutengeneza magari haishindi Dakar miaka saba mfululizo. Ndiyo maana ninasema tatizo tulitafute kwingine.

Tuanze na habu yenyewe, maana hapo ndipo ukweli ulipojificha. Habu ni kipande cha chuma kinachokaa kati ya ekseli na gurudumu. Beringi hukaa ndani yake, na stadi, yaani boliti zinazolishika gurudumu, hutokeza kwenye ukingo wake wa mviringo. Uzito wote unaoangukia gurudumu lile hupita kwenye ukingo huo. Gari likikata kona na mzigo, ukingo hupindwa kidogo, kisha huachiwa, kisha hupindwa tena, maelfu kwa maelfu ya mara. Habu isipokuwa na unene na nguvu za kutosha, ufa huanza pale ukingo unapoungana na mwili wa habu, huzunguka taratibu mpaka unakutana na mwanzo wake, na ghafla gurudumu zima huondoka pamoja na ngoma ya breki. Nati zote zinakuwa bado zimekazwa. Fundi yeyote aliyewahi kuona gurudumu lililochomoka kwa kulegea nati, halafu akaona lililochomoka namna hii, hawezi kuvichanganya.

Habu za malori makubwa ya Mitsubishi zilianza kuvunjika hivyo mwaka 1992. Kila mara maelezo yalikuwa yaleyale: uso wa habu umelika kwa sababu nati hazikukazwa vizuri, au gari limebebeshwa kupita kiasi, kwa hiyo kosa ni la mtumiaji. Mwaka 1999 basi la kampuni ya usafiri ya JR lilichomokwa na gurudumu mkoani Hiroshima. Kwa kuwa hilo lilikuwa basi la abiria, Wizara ya Uchukuzi ilitaka maelezo. Mitsubishi ikaiambia wizara kwamba hilo ni tukio la pekee na chanzo chake ni matunzo mabaya, wakati ndani ya mafaili yake kulikuwa na orodha ya habu nyingine zilizovunjika kwa namna ileile.

Sasa angalia mambo mawili ambayo ndani ya kampuni yalijulikana. La kwanza, habu hiyo ilikuwa imebadilishwa muundo mara kadhaa, na matoleo yake yakapewa herufi kuanzia A hadi F. Kiwanda hakiongezi unene wa kipande cha chuma bila sababu. Anayebadilisha habu mara zote hizo huku akimwambia mteja kwamba habu haina tatizo anajua anachokifanya. La pili, kampuni ilitoa kipimo: habu ikilika milimita 0.8, ibadilishwe. Kipimo hicho kiliusogeza mzigo wote kwa mwenye gari, kwa sababu habu ikivunjika atasemwa hakupima. Lakini kulikuwa na habu zilizovunjika kabla hazijafika hiyo 0.8. Katika kisa chote, hiki ndicho kipande kinachonikera zaidi. Kipimo kilipaswa kuwalinda watu, kikageuzwa kuwa ngao ya mtengenezaji.

Turudi nyuma kidogo, majira ya joto ya mwaka 2000. Mtu asiyejitaja jina aliitonya Wizara ya Uchukuzi kwamba Mitsubishi Motors ina malalamiko ya wateja ambayo wakaguzi hawajawahi kuonyeshwa. Wakaguzi wakaja mwezi Julai, na nyaraka zikakutwa kwenye makabati ya wafanyakazi, yale ya kuwekea nguo na mifuko. Mwezi Agosti kampuni ikakiri kwamba tangu mwaka 1977 ilikuwa na mafungu mawili ya malalamiko: moja la kuonyesha serikali, na jingine la kuficha, lililotiwa alama ya herufi H. Gari lenye kasoro kutoka fungu la pili lilirekebishwa kimyakimya. Mteja akileta gari kwa huduma ya kawaida, fundi wa wakala anabadilisha kipande kibovu bila kumwambia chochote, na ambaye hakuleta gari anabaki nacho.

Kwa nini waliyaficha? Nimeona wengi wakijibu kwamba Wajapani huona aibu kukiri kosa. Jibu hilo ni jepesi mno. Watengenezaji wengine wa Japani waliishi ndani ya utamaduni huohuo, na tangu utaratibu wa kuitisha magari yenye kasoro yarudi kurekebishwa uanze huko mwaka 1969 walikuwa wakiyaitisha kwa mamilioni, hadharani. Kuitisha magari ni gharama: vipuri, saa za mafundi, barua kwa kila mmiliki, na habari magazetini. Kurekebisha kimyakimya ni rahisi zaidi, mpaka siku mtu anapokufa. Ninavyoona mimi, Mitsubishi ilikuwa na kishawishi cha ziada. Ilikuwa sehemu ya familia kubwa ya makampuni yanayonunuliana bidhaa, na sehemu ya soko lake ilikuwa ni ndugu zake wenyewe. Kampuni yenye wateja wasioweza kuhama kirahisi haipati maumivu mapema, na bila maumivu haijifunzi. Adhabu ya kisheria nayo ilikuwa ndogo, kama tutakavyoona.

Mwaka 2000 kampuni iliitisha zaidi ya magari 600,000. Rais wake, Katsuhiko Kawasoe, akajiuzulu. Umma ukaambiwa usafi umefanyika, kila faili limefunguliwa. DaimlerChrysler ya Ujerumani na Marekani ikanunua asilimia 34 ya hisa, ikaleta Rolf Eckrodt kusimamia mageuzi. Hapa ndipo palipokuwa na nafasi ya kuokoa maisha ya yule mama, kwa sababu miezi kama kumi na saba ilibaki kabla ya gurudumu la Seya kuchomoka. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba ule uchunguzi wa mwaka 2000 ulirudi nyuma miaka miwili hivi tu. Mafaili ya zamani zaidi yaliachwa yalale, na ya habu yalikuwa miongoni mwake.

Oktoba 2002, miezi tisa baada ya Seya, lori jingine la Mitsubishi lilipata ajali katika mkoa wa Yamaguchi. Sehemu ya nyumba ya klachi ilikuwa imepasuka, propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ikaanguka ikakata mabomba ya breki, na dereva wa miaka 39 akafa. Kasoro hiyo nayo ilikuwa inajulikana. Mwaka 1996 wakubwa wa kampuni waliamua kuirekebisha kwa siri badala ya kuyaitisha malori.

Kilichofungua mlango ni polisi wa mkoa wa Kanagawa, ambao hawakutosheka na maelezo ya matunzo mabaya. Walikusanya habu zilizovunjika, wakazipeleka kupimwa, na Oktoba 2003 wakaingia ofisi za kampuni kupekua. Machi 2004 Mitsubishi Fuso, kampuni ya malori na mabasi ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imetenganishwa na Mitsubishi Motors, ikakiri kwamba habu zilikuwa na kasoro ya usanifu na kuitisha malori na mabasi karibu 112,000. Mei 2004 mwenyekiti wa zamani wa Fuso, Takashi Usami, alikamatwa pamoja na maofisa wengine, na Juni akafuata Kawasoe mwenyewe kwa ajili ya kisa cha Yamaguchi. Mwezi huohuo wa Juni, Mitsubishi Motors ikakiri kwamba hata magari madogo yalikuwa na kasoro zilizofichwa ambazo hazikutajwa mwaka 2000.

Wanunuzi wa Japani walijibu kwa miguu. Mauzo ya Mei 2004 yalikuwa chini ya nusu ya yale ya Mei iliyotangulia, na serikali za mitaa zikaanza kuliondoa jina la Mitsubishi kwenye zabuni zao za magari. DaimlerChrysler ilikuwa imeshakataa mwezi Aprili kuongeza fedha. Inafaa kusema kwamba Wajerumani walikuwa na sababu nyingine pia: huko Marekani, Mitsubishi ilikuwa imekopesha magari kwa vijana bila malipo ya awali na bila riba, wengi wakashindwa kulipa, na hasara yake ilikuwa kubwa. Eckrodt akajiuzulu. Kampuni iliokolewa na ndugu zake wa ukoo wa Mitsubishi, benki, kampuni ya biashara na ile ya mitambo mizito. Fuso ilibaki mikononi mwa Daimler, ambayo ililipwa fidia ya uharibifu huo kwa kuongezewa hisa, kutoka asilimia 65 hadi 85 mwaka 2005.

Mahakama zilichukua muda. Desemba 2007 maofisa wawili wa idara ya ubora walitiwa hatiani kwa kifo cha Seya na kupewa kifungo cha mwaka mmoja na nusu kilichoahirishwa. Januari 2008 Kawasoe alipewa miaka mitatu, nayo iliahirishwa. Hakuna aliyelala gerezani kutumikia adhabu. Kwa kosa la kuidanganya wizara, Usami na wenzake waliachiwa kwanza, kisha mahakama ya rufaa ikawatia hatiani mwaka 2008: faini ya yeni 200,000. Kiasi hicho hakinunui hata seti ya matairi ya trela. Sheria ilikuwa imeshabadilishwa mwaka 2002 na kuifanya faini kwa kampuni ifike hadi yeni milioni 200, lakini kosa lilikuwa limetendeka chini ya sheria ya zamani. Kesi ya Seya ilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2012 ilithibitisha hukumu: tangu ajali ya lile basi la Hiroshima mwaka 1999, waliokuwa na wajibu walipaswa kujua hatari na kuchukua hatua za kuyaitisha magari. Yaani mahakama ya juu kabisa ya nchi ilisema mama yule asingekufa kama barua ingetumwa miaka miwili na nusu kabla.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo kampuni ilibadilika. Chini ya Osamu Masuko, aliyeshika urais mwaka 2005, ilirudi kupata faida, ikatoa gari la umeme la i-MiEV mwaka 2009 mapema kuliko karibu watengenezaji wote wakubwa, kisha Outlander ya kuchaji kwa umeme ambayo ilipendwa sana Ulaya. Uhandisi, kwa mara nyingine, haukuwa na ubaya. Kisha, tarehe 20 Aprili 2016, rais Tetsuro Aikawa aliinama mbele ya kamera kukiri kwamba takwimu za matumizi ya mafuta za magari madogo 625,000 zilikuwa zimepikwa. Mengi kati ya hayo, 468,000, yalitengenezwa kwa ajili ya Nissan na kuuzwa kwa majina ya Dayz na Dayz Roox. Ni Nissan iliyogundua, ilipopima yenyewe na kupata namba tofauti. Lengo la ndani lilikuwa limepandishwa hatua kwa hatua kutoka kilomita 26.4 kwa lita hadi 29.2, gari halikuweza kufika, na waliotakiwa kulifikisha wakasogeza data. Ilibainika pia kwamba njia ya upimaji isiyokubalika kisheria ilikuwa ikitumika tangu 1991. Wiki chache baadaye Nissan ikatangaza kununua asilimia 34 ya kampuni kwa yeni bilioni 237.

Kamati huru iliyochunguza ilitoa ripoti Agosti 2016, na ndani yake kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko takwimu zote. Mwaka 2005, katika kikao cha wafanyakazi wapya kutoa mapendekezo, kijana mmoja alisimama mbele ya wakubwa wa idara akapendekeza kampuni ianze kupima kwa njia inayotakiwa na sheria. Hakuna aliyechukua hatua. Hiyo ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya kukamatwa kwa Kawasoe, wakati kuta za ofisi bila shaka zilikuwa zimejaa mabango ya uadilifu. Makabati ya siri yalikuwa yameondolewa, lakini mtu aliyesema ukweli bado hakuwa na mahali pa kuupeleka.

Huku kwetu kisa hiki kina mguso wa pekee, kwa sababu Mitsubishi tunayoijua zaidi ni ile ya mizigo. Tanzania "Fuso" limekuwa jina la lori lolote la ukubwa wa kati, hata kama kwenye pua limeandikwa Isuzu, na Kenta ni gari la kuhamia nyumba na la kubebea matofali. Sifa hiyo ni ya haki. Magari haya yamefanya kazi katika barabara ambazo wabunifu wake hawakuziota. Ila mengi huja yakiwa yametumika Japani. Mtengenezaji akiitisha malori, barua inakwenda kwa mmiliki aliyesajiliwa huko. Gari likishafutwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa, barua haina pa kufika. Lori la miaka ya 1990 lililopakiwa melini kuja Mombasa au Dar es Salaam kabla ya Machi 2004 liliondoka na habu yake ya zamani, na aliyelinunua hakuwa na njia ya kuambiwa.

Leo njia ipo kwa upande mmoja. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari liliitishwa na kama lilirekebishwa. Mnunuzi anayeagiza gari lililotumika anaweza kumtaka wakala amtumie jibu hilo kabla ya kulipa, na asiyetaka kulitoa aachwe. Upande wa pili bado haupo. Fundi wa gereji ya Tabata au Kariobangi akiona habu ya pili ikipasuka mahali palepale kwenye malori ya aina moja, anabadilisha habu, anapokea fedha yake, na taarifa inaishia kwenye sakafu yenye oili. Tume ya Ushindani Tanzania na Shirika la Viwango Kenya zingeweza kumpa namba moja ya simu ya kupeleka picha ya kipande kilichovunjika na namba ya chesisi, na wakala anayeuza Fuso mpya angeweza kuwajibishwa kuipokea na kuipeleka kiwandani, hata kama gari lenyewe hakuliuza yeye.